Bosnia na Herzegovina kwa namba: uliza kwanza nani kahesabu

Kazi yangu ni kuandaa wasifu wa nchi, zile kurasa zenye idadi ya watu, ajira, magazeti, tivii na kadhalika, na nchi nyingi ukishapata websaiti ya ofisi yao ya takwimu umemaliza. Bosnia na Herzegovina haiendi hivyo. Swali jepesi kuliko yote, kwamba nchi ina watu wangapi, lenyewe ni kesi.

Jibu linaloandikwa kila mahali ni 3,531,159, hiyo ni sensa ya 2013. Walihesabu mwezi wa kumi, baada ya muda mfupi wakatoa matokeo ya awali, watu 3,791,622, halafu kimya mpaka tarehe 30 Juni 2016 ndo matokeo kamili yakatoka. Karibu miaka mitatu nzima! Na si kwamba kompyuta ziliharibika. Walikuwa wanabishana nani ni mkazi, maana vita ya 1992 mpaka 1995 iliwatawanya watu Ujerumani, Austria, Sweden mpaka Marekani, na ndugu zao waliobaki wakawaandika kwenye fomu kama wako nyumbani, na wengine walirudi kabisa wakati wa sensa ili wahesabiwe. Fomu kama 196,000 hivi ndo zilizoleta balaa lote.

Hapa lazima nieleze nchi ilivyokatwa, la sivyo hutaelewa kitu. Mkataba wa Dayton wa 1995, uliomaliza vita, uliacha nchi moja yenye sehemu kubwa mbili, Shirikisho (la Wabosniaki na Wakroatia zaidi) ambalo lina majimbo madogo 10 ndani yake, na Republika Srpska (ya Waserbia zaidi), halafu kuna wilaya ya Brčko peke yake pale kaskazini mashariki. Rais si mmoja, ni watu watatu, Mbosniaki (hao wengi wao ni Waislamu), Mserbia na Mkroatia, wanapokezana uenyekiti kila miezi 8. Sasa na ofisi za takwimu nazo ziko tatu: ya taifa, ya Shirikisho na ya Republika Srpska.

Ya taifa ilisema Shirikisho 2,219,220, Republika Srpska 1,228,423, Brčko 83,516, jumlisha unapata ile namba ya juu. Ofisi ya Republika Srpska, kule Banja Luka, wakakataa, wakatoa hesabu yao wenyewe kwamba Republika Srpska ina watu 1,170,342. Tofauti haifiki elfu sitini, ungedhani ni jambo la kuyamaliza kwa kikao kimoja, lakini angalia asilimia uone kwanini hawakuyamaliza: Wabosniaki 50.11, Waserbia 30.78, Wakroatia 15.43. Hiyo 50.11 ndo moto wenyewe. Ondoa baadhi ya zile fomu za waliohamia nje, na Wabosniaki wanaweza kushuka chini ya nusu. Kabla ya sensa kulikuwa na kampeni kabisa ya kuwahimiza watu wajiandike Mbosniaki, na wengine wakipiga kampeni kwamba jiandike raia tu, achana na hayo mambo.

Waliobaki wanaitwa “Wengine”, asilimia 2.73, na kwa katiba iliyotoka Dayton hawawezi kugombea urais. Dervo Sejdić, Mroma, na Jakob Finci, Myahudi, walikwenda mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya wakashinda Desemba 2009, ila kushinda kesi ni jambo moja na katiba kubadilishwa ni jambo lingine.

Sisi Tanzania kabila na dini mara ya mwisho kuulizwa kwenye sensa ilikuwa 1967, na bado 2012 kuna watu waligoma kuhesabiwa kwa sababu fomu haikuuliza dini. Kwahiyo tusiwacheke sana.

Sensa iliyotangulia, ya 1991, ndo mimi naiona ya ajabu zaidi. Ilihesabu watu 4,377,033, mwaka mmoja tu kabla ya vita, na hakuna aliyejua wakati ule kwamba zile fomu zitakuja kuwa ushahidi mahakamani. Wataalamu wa demografia wa mahakama ya The Hague, ile ya kesi za vita za Yugoslavia ya zamani, walichukua majina ya sensa hiyo wakayapitisha kwenye madaftari ya wapiga kura ya baada ya vita, orodha ya waliopotea ya Msalaba Mwekundu na rekodi za vifo, jina kwa jina, kuona nani yuko wapi. Kipindi cha vita na baada yake watu walikuwa wanataja waliokufa 200,000 kama kitu cha kawaida. Hesabu ya hao wataalamu ikaja na makadirio ya 104,732, na kituo kimoja cha utafiti pale Sarajevo, mji mkuu, kikakusanya majina 95,940. Kuna waliochukia namba ikishuka, kana kwamba watu wao wamepunguziwa msiba, lakini jina lenye tarehe na mahali huwezi kulikana kirahisi, makadirio ya jumla unaweza. Srebrenica manispaa nzima ilikuwa na watu 36,666 mwaka 1991, sensa ya 2013 ikakuta 13,409.

Mahakama hiyo ilikuwa na chumba kimoja cha rufaa na ile ya Rwanda iliyokaa Arusha, na Arusha ndo ilitoa hukumu ya watu wa redio RTLM na gazeti la Kangura, waliochochea mauaji ya kimbari, mwaka 2003. Nataja hilo kwa sababu kwenye Balkani pia vyombo vya habari vilishiriki kuchochea, na Dayton haikuviunganisha, iliviacha vimegawanyika hivyohivyo.

Utangazaji wa umma: BHRT ya nchi nzima, RTVFBiH ya Shirikisho, RTRS ya Republika Srpska. Sheria ilitaka watatu hao waunde shirika moja la kusimamia mitambo na matangazo ya biashara, halijaundwa mpaka leo. Kila nyumba inatakiwa kulipa ada ya marka 7.50 (marka ni pesa yao) kwa mwezi, nusu iende BHRT na nusu wagawane wale wawili. Zamani ilikatwa kwenye bili ya simu ya mezani, watu wakaanza kukata laini zao (ungefanya nini wewe?), ikahamia kwenye bili ya umeme kwa baadhi ya sehemu. RTRS kwa miaka ikawa haipeleki mgao wa BHRT, deni likawa mamilioni, BHRT nayo ikadaiwa na umoja wa watangazaji wa Ulaya, unaoandaa mashindano ya muziki ya Eurovision, ndo maana Bosnia haijaonekana humo tangu 2016.

Kwenye magazeti heshima yangu iko kwa Oslobođenje, lilizaliwa 1943 wakati wa kupigana na Manazi, na Sarajevo ilipozingirwa jengo lao likapigwa mpaka likabaki gofu, wao wakaendelea kuchapa kutoka kwenye handaki la chini, kurasa chache, karatasi ya shida. Banja Luka kuna Nezavisne novine la marehemu Željko Kopanja, ambaye gazeti lake mwaka 1999 liliandika uhalifu uliofanywa na Waserbia wenzake, na Oktoba mwaka huohuo gari lake likalipuliwa, akapoteza miguu yote miwili. Akarudi kazini.

Ajira nipite haraka: ukosefu wa ajira kwa 2023 ni kama asilimia 13 ukitumia utafiti wa kaya, ila ukitumia daftari la waliojiandikisha unavuka robo, kwa sababu wengi walijiandikisha wapate bima ya afya huku wana vibarua vyao. Ukikuta mtu anatumia moja bila kusema ni ipi, mwache.

Sasa hivi ninachofuatilia ni sheria. Kashfa, yaani kumchafulia mtu jina, iliondolewa kwenye makosa ya jinai tangu 2001 na 2002, Bosnia ikasifiwa sana, halafu Julai 2023 bunge la Republika Srpska likairudisha. Kwenye orodha ya uhuru wa habari ya Reporters Without Borders nchi ilikuwa ya 64 mwaka 2023, ya 81 mwaka uliofuata. Hiyo namba nayo ni ya nchi nzima kwa pamoja, wakati sheria yenyewe inamkamata mwandishi wa Banja Luka, wa Sarajevo haimgusi, kwahiyo kwenye ukurasa wangu nimeziweka sehemu mbili safu tofauti na orodha ile nimeipeleka chini kabisa.