Mtoto Anaharisha na Kutapika: Maswali ya Wazazi na Majibu Yake

Mwanangu ana mwaka na nusu, ameharisha mara nne tangu asubuhi. Nianze na dawa gani?

Anza na ORS, yale maji ya chumvichumvi, na usisubiri mpaka alegee. Kwa watoto wa umri huu chanzo mara nyingi ni virusi, na kinachohatarisha maisha ni maji na chumvi anazopoteza. Basi kila akiharisha, mrudishie: mililita 50 hadi 100 kama hajafika miaka 2, mililita 100 hadi 200 kama ameshafika.

Soma pakiti kabla ya kuchanganya. Zipo za lita 1 na zipo za nusu lita, na ukikosea ORS inakuwa chumvi kali au maji matupu. Pima kwa chupa tupu ya maji ya kunywa, iliyooshwa vizuri, yenye ujazo ulioandikwa kwenye lebo. Yakipita saa 24, mwaga, tengeneza mengine.

Pakiti hazipatikani? Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visijae kilima. Soda na juisi za dukani usimpe. Sukari yake nyingi huvuta maji kuingia utumboni na kuharisha kunazidi.

Kila nikimpa anatapika. Niache?

Usiache. Subiri dakika 10, kisha rudi polepole: kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili tatu. Mtoto mwenye kiu atalilia kikombe kizima, na hapo ndipo wazazi wengi wanashindwa kumzuia. Akigida chote kwa mkupuo, kinarudi. Kazi hii inachosha, kwa hiyo mpokezane, baba, shangazi, yeyote aliyepo nyumbani.

Nitajuaje kama amepungukiwa maji?

Mtazame. Macho yamezama? Analia bila machozi, mdomo umekauka, nepi kavu kwa saa nyingi? Anahangaika na kukipapia kikombe? Kisha pima ngozi. Mlaze chali, finya ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, mkunjo uelekee kichwani na miguuni, halafu achia. Kwa kawaida hurudi papo hapo. Ikirudi taratibu, maji yamepungua na anahitaji zahanati. Ikibaki imesimama zaidi ya sekunde 2, hali ni mbaya sana. Kwa mtoto aliyekonda sana kwa utapiamlo, au mnene sana, kipimo hiki hudanganya, kwa hiyo usikitegemee peke yake.

Bibi yake anasema utosi umebonyea na meno ndiyo yanamharisha. Tumpeleke kwa mganga?

Bibi ameona kweli, na jicho lake msilipuuze. Kwa mtoto ambaye utosi haujafunga, kubonyea ni dalili ya kukaukiwa maji. Lakini dawa za kupaka juu ya kichwa hazirudishi tone hata moja mwilini, na saa mnazozipoteza huko ni saa za kumnywesha. Kuota meno hakuleti kuharisha; umri huo mtoto anaokota kila kitu na kukitia mdomoni. Na hao wanaong'oa kinachoitwa "meno ya plastiki" wanamtoboa fizi mtoto mgonjwa na kumwongezea jeraha. Nawaomba sana, msikubali.

Nimuongezee Flagyl au dawa ya kufunga tumbo?

Hapana. Flagyl haiui virusi, na dawa za kufunga tumbo ni hatari kwa watoto wadogo. Dawa ya kuomba ni zinki: kwa aliyezidi miezi 6, kidonge cha miligramu 20 mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi. Wengi hukiacha siku ya tatu choo kikishashika. Malizeni dozi, kwa sababu hupunguza uwezekano wa kuharisha tena miezi miwili mitatu ijayo.

Ale nini?

Anyonye kama kawaida. Uji, ndizi, wali laini, mtindi. Kidogo kidogo, mara nyingi. Akipona, mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili.

Lini nikimbie hospitali?

Sasa hivi, hata usiku, kama amelegea au haamki vizuri, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, choo kina damu, au matapishi ni ya kijani. Vivyo hivyo kama choo ni cheupe kama maji ya mchele na kinamwagika mfululizo: hiyo inaweza kuwa kipindupindu. Akiwa na homa, apimwe na malaria. Kama anaweza kumeza, endelea na kijiko njiani, hata mkiwa kwenye bodaboda.

Mdogo wake ana wiki 5. Nimkingeje?

Maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6, na sabuni mikononi kila ukitoka kubadili nepi ya mkubwa. Chanjo ya rota, yaani ya kukinga kirusi kinachoharisha watoto, ambayo Tanzania inaitoa tangu 2013, huanza akifika wiki 6, nayo ni matone ya mdomoni. Kwa hiyo kliniki ni wiki ijayo.