Sergei Yursky: TV ya Kisovieti ilimjenga, TV hiyohiyo ikamfungia

Ukitaja uigizaji wa Kisovieti watu wengi wanawaza filamu za vita tu. Sisi tunaofundisha sanaa za maonyesho tunawavuta kwenye kitu kingine kabisa, michezo ya jukwaani iliyotengenezewa TV. Hapa siongelei kamera iliyosimamishwa nyuma ya ukumbi ikarekodi shoo, hapana, mchezo ulipangwa upya ndani ya studio, kamera kadhaa, sini ndefu zisizokatwakatwa, na waigizaji ni walewale wa jukwaani waliozoea kubeba kurasa nzima kichwani. Kwa Mtanzania wa bara aliyelelewa na michezo ya redio (TV kwetu imekuja miaka ya 90), chukulia ni mchezo wa redio ulioongezewa sura za watu.

Mtu wa kumfuatilia ni Sergei Yursky. Kazaliwa Leningrad (leo St. Petersburg) 1935, akaanza kusoma sheria chuo kikuu, akaachana nayo akaenda chuo cha uigizaji, na 1957 akaingia BDT, ukumbi mkubwa wa tamthilia wa Leningrad uliokuwa chini ya Georgy Tovstonogov, mwongozaji mkali ambaye neno lake ndo lilikuwa la mwisho. 1962 akacheza Chatsky, mhusika mkuu wa tamthilia maarufu ya mwandishi wa Kirusi Griboyedov, mji mzima ukamjua.

Lakini mji mmoja ni mji mmoja tu. Ukumbi unajaa, watu wanarudi nyumbani, kesho tena, wakati nchi yenyewe inaanzia mpakani mwa Poland inaishia Bahari ya Pasifiki, sasa mtu wa Siberia atamwona lini? TV ndo ilimfikisha huko. 1963 TV ya Leningrad ikamtoa kama Küchelbecker, yule mshairi aliyeishia gerezani na uhamishoni, rafiki wa Pushkin, mshairi mkubwa wa Urusi, kutoka kwenye riwaya ya mwandishi Tynyanov.

Na hapa ndo penye utamu. Yursky alitengeneza onyesho la jukwaani kutokana na riwaya ya Hemingway, ile ya Wamarekani wanaozurura Paris na kwenda Hispania kuangalia mapigano ya ng'ombe, Tovstonogov akaliangalia akalikataa. Angekuwa mwingine angelia akanyamaza, yeye akalibeba akalipeleka TV, likarekodiwa 1971 kwa jina la Fiesta, akiongoza mwenyewe, mkewe Natalya Tenyakova yumo, na kijana anayepigana na ng'ombe akampa Mikhail Baryshnikov, mcheza baleti wa miaka 23 hivi. Kwa macho yangu ni uamuzi wa akili sana, maana ndani ya studio huna ng'ombe wala uwanja, kwa hiyo unahitaji mtu ambaye mwili wake peke yake unatosha kukuonyesha hatari.

Basi 1974 Baryshnikov akiwa ziarani Toronto akabaki hukohuko. Enzi hizo za Kisovieti aliyekimbia nchi sura yake haikuonyeshwa, Fiesta ikawekwa kabatini, kazi ya kundi zima imezikwa kwa sababu ya mtu mmoja ambaye wala hakukosea kitu kwenye mchezo. Yursky mwenyewe naye akaanza kubanwa na wakubwa wa Leningrad, mpaka mwisho wa miaka ya 70 akahamia Moscow, ukumbi wa Mossovet.

Moscow ikamfungulia tena. Ndani ya mwaka 1979 tu yumo kwenye Malenkie tragedii (yaani Misiba Midogo) ya mwongozaji Mikhail Schweitzer, kazi ya TV iliyotokana na Pushkin, anacheza Mwitaliano anayetunga mashairi papo hapo mbele ya watu, na yumo pia kwenye mfululizo wa TV wa polisi wa mwongozaji Govorukhin kama daktari Gruzdev anayeshukiwa bila kosa kuwa kamuua mkewe. Huyo Mwitaliano alimfaa mno, kwa sababu miaka yote hiyo Yursky alikuwa anasimama jukwaani peke yake anaghani Yevgeny Onegin, riwaya ya Pushkin iliyoandikwa kwa mashairi, kwa kichwa, na kitabu kile kina mistari zaidi ya 5,000.

Cha kuchekesha, Warusi wengi wanamkumbuka kwa filamu ya vichekesho ya 1984 alipocheza mzee mlevi wa kijijini, na Tenyakova wakati huo ana miaka 40 hivi akazeeshwa kwa vipodozi awe bibi kizee wake. Yursky alifariki Moscow, Februari 2019. Mkanda wa Fiesta haukufutwa, upo hadi leo unaangalika, Baryshnikov na kila kitu.