Je, wajua? Kukaza amotisere hakuifanyi springi kuwa ngumu

Ukipita asubuhi kwenye gereji za pikipiki za Birere au Majengo, hapa Goma, utasikia ombi moja likirudiwa: "Fundi, nikazie nyuma, leo nabeba." Fundi anachukua ufunguo wenye mdomo wa ndoano, anaunasa kwenye ile pete yenye ngazi iliyoshika springi ya amotisere (shokapu), anaizungusha mpaka ngazi ya mwisho, kisha anahamia upande wa pili. Motari (dereva wa pikipiki) anapanda, anaona kiti kimeinuka, anabonyeza mara mbili na kuhisi ugumu. Anaondoka akiamini kwamba springi imepata nguvu.

Imani hiyo imeenea kutoka Ndosho hadi Himbi, na ina sababu ya kuenea, kwa kuwa makalio yanaithibitisha. Lakini springi ni ileile iliyoingia gereji. Kilichobadilika ni mahali inapoanzia kazi.

Springi hufuata kanuni ambayo Mwingereza Robert Hooke aliichapisha mwaka 1678: inabonyea kwa kadiri ya nguvu inayoikandamiza. Mzigo ukiwa mara mbili, inabonyea mara mbili. Tuchukue mfano wa namba rahisi. Tuseme springi mbili za nyuma, zikifanya kazi pamoja, zinahitaji kilo 4 ili zishuke milimita 1. Motari akiwa amekaa na springi zimeshaanza kushuka, ukiongeza kilo 100 juu ya gurudumu la nyuma, pikipiki inashuka milimita 25. Sasa kaza pete kwa milimita 12, kisha pakia kilo 100 zilezile. Itashuka ngapi? Milimita 25 tena. Haikupungua hata moja. Tofauti ni kwamba imeanza safari ikiwa juu kwa milimita 12, kwa hiyo inaishia juu kwa milimita 12 zilezile.

Faida hiyo si ndogo. Kwa pikipiki ndogo nyingi, gurudumu la nyuma lina nafasi ya sentimita nane hadi kumi tu ya kupanda na kushuka, na milimita 12 ulizorudishiwa zinaweza kuwa ndizo zinazozuia chuma kugonga chuma kwenye shimo. Pete iliwekwa kwa kazi hiyo: kurudisha kimo kilicholiwa na mzigo. Mwenye abiria mmoja mzito anaihitaji kweli. Kinachokosewa ni kudhani kwamba baada ya kukaza, kila kilo inayoongezwa itaishusha pikipiki kidogo kuliko jana.

Basi kwa nini inahisi ngumu? Kwa sababu motari anaipima ikiwa tupu. Springi iliyokazwa inakuwa tayari imekandamizwa ndani ya amotisere kabla mtu hajakaa. Ikiwa imekandamizwa kwa nguvu ya kilo 90, basi uzito wowote usiofika 90 hauisogezi hata kidogo. Pikipiki inasimama kama haina springi. Ukivuka 90 tu, inaanza kushuka kwa mwendo uleule wa kilo 4 kwa milimita. Ndiyo maana pikipiki iliyokazwa mpaka mwisho inampiga motari mgongo akirudi bila mzigo, na gurudumu la nyuma linarukaruka juu ya mawe ya volkano badala ya kuyafuata.

Ugumu wenyewe umo kwenye waya wa springi: unene wake, upana wa duara lake na idadi ya mizunguko. Kati ya hivyo vitatu, unene unashinda, kwa kuwa nguvu ya springi hukua kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Hapa ndipo jambo hili linaponifurahisha. Chukua springi mbili zinazofanana kwa kila kitu, moja ya waya wa milimita 7, nyingine ya milimita 8. Kwa jicho huwezi kuzitofautisha kirahisi, lakini ya pili ni ngumu zaidi kwa asilimia 70 hivi. Fundi mwenye kipimo cha kalipa mfukoni atakuuzia springi unayoihitaji. Anayechagua kwa jicho anabahatisha. Kwenye Bajaj Boxer hesabu inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ina springi mbili kila upande, moja ndani ya nyingine, na zote mbili lazima zipimwe.

Wapo wanaokata mzunguko mmoja wa springi ili ikaze. Ni kweli kwamba springi yenye mizunguko michache ni ngumu zaidi. Kutoka 12 hadi 11 inaongezeka kwa asilimia 9 hivi. Lakini imekuwa fupi, pikipiki inakaa chini zaidi, na ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake. Mimi singeikata.

Kuna kosa jingine linalofuata mara tu mtu anapopata springi nene. Amotisere ni vitu viwili vilivyoshikana: springi inayobeba, na bomba la mafuta ndani yake linalotuliza. Bomba halibebi chochote. Kazi yake ni kuyalazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo kila gurudumu linaposogea, na nguvu ya shimo inageuka joto. Shuka hadi mji wa Sake na mzigo, simama, kisha usogeze mkono karibu na amotisere, utalihisi joto hilo. Mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapita kwa urahisi, na utulivu unapungua wakati unapouhitaji zaidi. Springi ngumu inarudi juu kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inahitaji bomba lenye uwezo zaidi. Ukiweka springi ya milimita 8 juu ya bomba la zamani, utakuwa na pikipiki isiyoshuka sana lakini inayorusha. Jaribio lake ni la dakika moja: bonyeza kiti kwa nguvu, achia. Kikipanda mara moja na kutulia, bomba ni zima. Kikicheza mara mbili au tatu, limekufa, hata kama springi inang'aa. Tazama pia fimbo yake. Vumbi jeusi la lava letu ni kali, linakwaruza fimbo na kula mpira unaozuia mafuta, na utaona mstari wa mafuta uliochanganyika na vumbi ukishuka kwenye bomba.

Lakini hata ukipata springi sahihi na bomba sahihi, swali kubwa zaidi bado halijaguswa, nalo ni mahali mzigo unapokaa. Potebagaji (vibebea mizigo vya nyuma) nyingi zinazochomelewa mjini zinarefushwa kuelekea nyuma, kwa sababu huko ndiko kuna nafasi. Fikiria fomu (benchi) ya kanisani yenye miguu miwili. Mtu akikaa katikati, miguu yote miwili inagawana uzito wake. Akisogea mpaka kwenye ncha iliyopita mguu, mguu ule wa karibu unabeba uzito wake wote na zaidi, na mguu wa mbali unaanza kuinuka. Ile "na zaidi" ndiyo inayosahaulika. Ekseli ya nyuma ni mguu wa karibu, ekseli ya mbele ni mguu wa mbali.

Tufanye hesabu. Ekseli mbili za pikipiki ya kawaida zimeachana kwa mita 1.25 hivi. Weka gunia la makala (mkaa) la kilo 50, katikati yake ikiwa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gurudumu la mbele linapoteza kilo 12. Gurudumu la nyuma halipati kilo 50, linapata 62. Sasa sogeza gunia hilohilo mbele, katikati yake ikae sentimita 20 mbele ya ekseli ya nyuma: nyuma inapata kilo 42, mbele inapata 8. Makala ni yaleyale na springi ni zilezile, ila gurudumu la nyuma limepumzishwa kilo 20 kwa kusogeza gunia nusu mita.

Na kwa mbele hasara ni mbaya zaidi kuliko namba inavyoonekana. Gunia mbili nyuma ya ekseli zinaondoa kilo 24 kwenye gurudumu ambalo, motari akiwa peke yake, linabeba labda 75 au 80. Hapo nyuma inapokaa chini, uma wa mbele unalala, usukani unakuwa mwepesi na kuanza kucheza. Ongeza mlima, kama ule wa kutoka Sake kuelekea Masisi, na uzito mwingine unahamia nyuma. Hakuna kilo moja ya kusema hapa ndipo usukani unapoanza kucheza, kwa sababu matairi, beringi za gurudumu na bushi za mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) vyote vina sauti katika jambo hilo.

Mji huu una mwalimu wa siku nyingi wa somo hili, na sanamu yake imesimama kwenye ronpuani (mzunguko wa barabara) inayoitwa kwa jina lake: chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Itazame inaposhuka kutoka Kibumba na viazi au kabichi. Mzigo umelazwa juu ya ubao mrefu, chini, sehemu kubwa ikiwa kati ya gurudumu na gurudumu. Inabeba mamia ya kilo kwa magurudumu madogo, na bado mtu mmoja anaiongoza.

Kwa pikipiki, somo hilo linamaanisha kuning'iniza mzigo pembeni na chini. Kwa wanaosafirisha maji, fremu ya vyuma inayoshika bidoni (madumu) mbili za lita 20 kila upande, karibu na mahali pa miguu ya abiria, ni bora kuliko bidoni nne zilizopangwa nyuma. Fundi wa kuchomelea aifunge fremu kwenye boriti kuu za pikipiki, asiitegemeze kwenye mkia wa kiti, na aache nafasi ya mnyororo na ekzosi. Pande mbili zilingane uzito. Kitabu cha pikipiki kinataja uzito wa mwisho unaoruhusiwa, na motari mwenyewe yumo ndani ya hesabu hiyo.

Kisha urudi kwenye pete. Inua gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama chini ya kiti. Lishushe, pakia mzigo wako wa kila siku, kaa, mwenzako apime tena. Kimo kilichopotea kikiwa karibu theluthi ya nafasi yote ya gurudumu, pete iko mahali pake. Kikizidi hapo hata kwenye ngazi ya mwisho, springi ni laini kwa kazi yako, na ndipo waya mnene unapohitajika. Ukimaliza, kagua mnyororo mtu akiwa amekaa, kwa sababu unakaza zaidi pale ekseli ya nyuma, bolti ya mkono na gia ndogo ya mbele ya mnyororo vinapokuwa kwenye mstari mmoja, na kubadilisha kimo cha nyuma kunabadilisha mara ngapi unafika hapo.