Makamasi yasiyokauka: adenoidi na upasuaji wake kwa watoto

"Daktari, amemaliza chupa tatu za amoksilini, makamasi hayakauki, na usiku anakoroma kama mtu mzima." Maneno haya tunayasikia mno katika kliniki za masikio, pua na koo hapa Kampala. Mafua ya kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Makamasi mazito yakipita wiki 12, tena pua imeziba na mtoto anakohoa, hapo tunafikiria sainasi sugu, yaani uvimbe wa muda mrefu wa sainasi, vile vijishimo vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso kuzunguka pua.

Kwa watoto wadogo, chanzo mara nyingi kimo jirani na sainasi zenyewe. Nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa, kuna kinyama kiitwacho adenoidi. Huwa kikubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7, kisha husinyaa mtoto akikaribia kubalehe. Bakteria hujijengea utando juu yake, na dawa ya kumeza huupenya kwa shida. Ndiyo maana mtoto hupata nafuu, chupa ikiisha makamasi yakarudi. Hata adenoidi ndogo inaweza kuwa ghala la vijidudu, kwa hiyo tusiangalie ukubwa tu.

Hatuanzi na kisu. Tunaanza kwa kusafisha pua kila siku kwa maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichofurika. Daktari huongeza dawa ya kupuliza puani. Sigiri nayo itoke ndani, maana moshi huchokoza pua changa. Na kama ni tundu moja tu linalotoa usaha wenye harufu, mleteni haraka. Huenda kuna punje ya harage au shanga imekwama humo.

Yote hayo yakishindikana, tunaondoa adenoidi. Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa, tunapitia mdomoni bila kuchana uso, na kazi yenyewe huchukua kama nusu saa. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mdomo kunuka kwa wiki moja hivi ni kawaida. Damu mbichi si kawaida, rudini hospitali mara moja. Kabla ya yote, mwambieni daktari kama mtoto ana selimundu au kama kwenu kuna mtu ambaye damu yake haigandi upesi. Wengi hupata nafuu, si wote. Wenye pumu hasa huhitaji kuendelea na matibabu.

Jambo moja linaniumiza. Baadhi ya wazazi huamini upasuaji huu ni sawa na kukata kimeo, basi humpeleka mtoto kwa mkataji mtaani. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, hakihusiki na makamasi hata kidogo. Kukikata kwa wembe kumewaletea watoto pepopunda na kuvuja damu hadi kufa. Tafadhali, msimpeleke huko.