Kisanduku cha utumishi wa ng'ambo na namna ya kuomba kirekebishwe

Cheti anachopewa mwanajeshi anapoachana na jeshi la Marekani, ambacho sisi tunaoshinda nacho tunakiita kwa namba yake tu, DD 214, kina kisanduku kidogo kinachotaja utumishi wa nje ya nchi kwa miaka, miezi na siku. Kazi yangu ni kuwasaidia wanajeshi wa zamani kuandaa maombi ya kurekebisha kumbukumbu zao, na kisanduku hicho ndicho kinachowaleta wengi mezani kwangu. Wengine wamewekewa sifuri ilhali walikaa ng'ambo mwaka mzima, wengine wamepunjwa miezi, na wengine, ambao kesi zao ndizo ngumu zaidi, wamehesabiwa muda wote sawasawa lakini hakuna mahali palipoandikwa walikuwa nchi gani.

Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Kisanduku kinahesabu muda, hakitaji mahali. Katika vyeti vingi vya jeshi la nchi kavu vya enzi za vita vya Vietnam, mbele ya hesabu hiyo karani alichapa herufi USARPAC, yaani kamandi ya jeshi hilo katika Pasifiki, na chini ya kamandi hiyo walikuwamo waliokuwa Vietnam, waliokuwa Korea na waliokuwa Okinawa. Mtu akiniletea cheti chenye herufi hizo akaniambia, "Si hii hapa, imeandikwa," inanibidi nimweleze kwamba kilichoandikwa kinaonyesha alivuka bahari, hakionyeshi alishuka wapi.

Chanzo cha makosa haya mara chache ni hila. Cheti kilichapwa siku za mwisho za utumishi na karani mwenye foleni mbele yake, kutokana na jalada lililokuwa mezani siku hiyo, kisha kikatiwa saini na kijana aliyekuwa anawaza kwenda nyumbani. Amri za safari za kikazi za muda mfupi mara nyingi zilibaki katika faili za kikosi na hazikuingia katika jalada la mtu binafsi. Aliyeazimwa kwa kikosi kingine kwa miezi miwili anaweza kuwa na medali, kumbukumbu na hata kovu, lakini karatasi zake zikaendelea kuonyesha kwamba hakutoka kambini.

Nichukue mfano wa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa ndege katika jeshi la anga. Kituo chake kilikuwa Clark, nchini Ufilipino, na mwaka 1969 alipelekwa Udorn, Thailand, kwa siku 58. Cheti chake kilihesabu muda wa Ufilipino na hakikuitaja Thailand kabisa. Barua aliyokuwa ameiandika mwenyewe ilijaa uchungu wa haki: kila mtu kikosini anajua, nchi imenisahau, naomba kumbukumbu zangu zirekebishwe. Niliisoma mara mbili nikitafuta tarehe, nisiione hata moja.

Bodi inayosikiliza maombi haya haianzi na karatasi tupu. Inaanza kwa kuchukulia kwamba karani alifanya kazi yake ipasavyo, na mwombaji ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha, kwa ushahidi wenye uzito zaidi kuliko wa upande wa pili, kwamba sivyo. Kwa hiyo karatasi hushindana na karatasi, na karatasi yenye nguvu kuliko zote, kwa uzoefu wangu, ni ile iliyoandikwa wakati uleule na mtu asiyekuwa na nia ya kuthibitisha chochote. Tulipopekua boksi la mzee tuliikuta: nakala ya kaboni ya madai ya posho ya safari, wino umefifia, pembe moja imeliwa na kutu ya pini. Ilionyesha tarehe na saa aliyoondoka Clark, tarehe aliyofika Udorn na siku aliyorudi. Aliijaza ili alipwe. Pamoja nayo tuliweka taarifa ya tathmini ya utendaji wake ya mwaka ule, ambayo msimamizi wake alitaja, kwa sentensi moja tu, kazi aliyoifanya Thailand.

Karatasi za malipo kwa jumla ni hazina, ila zisomwe kwa uangalifu. Posho ya hatari na msamaha wa kodi kwa walio eneo la mapigano huonyesha mwezi ambao mtu alikuwa huko, lakini kabla ya mwaka 2012 posho hiyo ililipwa ya mwezi mzima hata kwa aliyekaa siku chache, kwa hiyo inathibitisha mwezi na si idadi ya siku. Kwa mabaharia kuna batli za meli, ambazo huonyesha meli ilikuwa wapi siku hadi siku. Barua za wenzako husaidia pia, lakini barua isemayo "ni mtu mwaminifu, namfahamu" haina kazi. Ninayoitaka ni ile ya mtu aliyelala kitanda cha jirani, inayotaja kambi, miezi na alichokiona kwa macho yake.

Hapa niseme jambo kuhusu moto. Tarehe 12 Julai 1973 kituo cha kumbukumbu za kijeshi kilichoko eneo la St. Louis kiliungua, na kati ya majalada milioni 16 na 18 yaliteketea. Waliopata hasara ni wa jeshi la nchi kavu walioachana nalo kati ya 1912 na mwanzo wa 1960, ambao takriban asilimia 80 ya majalada yao yalipotea, na baadhi ya wa jeshi la anga wa kati ya 1947 na mwanzo wa 1964. Wengi wa miaka ya baadaye huambiana kwamba faili zao ziliungua na hawajawahi hata kuziomba. Ziombwe, kwa fomu SF 180, na liombwe jalada zima, si cheti peke yake.

Kuhusu njia yenyewe: kosa la wazi linaweza kusahihishwa na ofisi ya utumishi ya jeshi husika bila kufika bodi, na ni vyema kuanzia huko, kwa sababu bodi hutaka kwanza uwe umemaliza njia nyingine. Ikishindikana, fomu ni DD 149. Bodi hizi zilitokana na sheria ya mwaka 1946, Bunge la Marekani lilipochoka kupitisha miswada ya mtu mmoja mmoja kwa masahihisho ya aina hii. Muda wa kuomba ni miaka 3 tangu kosa lilipogunduliwa, lakini bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki, na fomu ina sehemu ya kueleza hilo, usiiache wazi. Katika ombi la mzee tulifuta kurasa mbili za malalamiko tukaweka sentensi moja inayosema ni maneno gani yaongezwe, katika sehemu gani ya cheti, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani.

Kabla ya kuituma nilimuuliza anachokitafuta hasa, swali ambalo siku hizi nimejifunza kuliuliza mwanzo. Alikuwa na kisukari na alitaka fidia. Sheria ya PACT ya mwaka 2022 inawachukulia waliotumikia katika kambi za Thailand kati ya tarehe 9 Januari 1962 na 30 Juni 1976 kuwa waligusana na dawa za kuua magugu, na kisukari cha aina ya pili kimo katika orodha ya maradhi yanayohusishwa nazo. Idara ya wanajeshi wa zamani haihitaji DD 214 iwe imerekebishwa ndipo ipokee dai. Ile karatasi ya posho inaweza kupelekwa kwake moja kwa moja kama ushahidi. Tukafungua dai hilo wiki ileile, na ombi la bodi likaenda kwa mwendo wake, ambao huhesabiwa kwa miezi.

Alisema ombi la bodi asingeliondoa hata fidia ikija kwanza. Sikumbishia. Nilimweleza tu asitegemee cheti kipya: mara nyingi marekebisho huja kwa fomu nyingine, DD 215, karatasi inayotaja namba ya kisanduku na maneno yanayoongezwa, wakati cheti cha zamani kinabaki kilivyo. Zote mbili zitunzwe pamoja, na atakapotoa nakala ya moja atoe na ya pili, kwa sababu ofisi itakayopokea DD 214 peke yake itasoma kosa lilelile la mwanzo.