Shujaa si bingwa

Kila mechi kubwa ikiisha, mfungaji wa bao la ushindi huitwa shujaa. Mara nyingi siye. Shujaa ni mtu aliyeikabili hatari akijua itamgharimu, na hakurudi nyuma. Basi.

Bingwa ni mjuzi aliyewapita wenzake. Ndiyo maana hospitali ina daktari bingwa wa mifupa, wala hutasikia daktari shujaa wa mifupa, hata awe hodari namna gani. "Shujaa" limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa ujasiri, na ndani yake hamna kombe. Waarabu wenyewe wana neno jingine, "batal", linalobeba yote mawili: jasiri wa vitani na bingwa wa ndondi. Sisi hilo hatukulichukua kwa maana hiyo. Tunayo maneno mawili, kila moja na kazi yake, halafu watangazaji wanayakoroga kila Jumapili.

Olimpiki ya Mexico City inatosha kuyatenganisha. Tarehe 16 Oktoba 1968 Mmarekani Tommie Smith alishinda mita 200 kwa sekunde 19.83, rekodi ya dunia. Hapo alikuwa bingwa. Jukwaani, wimbo wa taifa lao ukipigwa, yeye na mwenzake John Carlos, aliyeshika nafasi ya tatu, wakainua ngumi zenye glavu nyeusi kupinga ubaguzi wa rangi Marekani, wakafukuzwa kwenye kikosi. Ushujaa ulianzia hapo, baada ya mbio kwisha. Siku nne baadaye John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katikati ya marathoni, akaumia goti. Wenzake kadhaa walijitoa. Yeye alifungwa bandeji, akachechemea hadi uwanjani, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Bingwa siku ile ni Wolde. Watanzania humwita Akhwari shujaa, na hawajakosea.

Na Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyekimbia umbali wa marathoni Vienna 2019? Saa 1:59:40, akiongozwa na waweka kasi 41 waliokuwa wakipokezana: ni ubingwa mtupu, na wa hali ya juu. Kumwita bingwa hakumpunguzii chochote.

Kwa hiyo aliyefunga penalti ya dakika ya 90, "nyota wa mchezo" inamtosha. Timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba inaitwa Shujaa, lakini hilo ni jina tu, waachieni.