Picha potofu ya Mungu ni nini, na unajuaje kama unayo

Watu wakisikia "dhana potofu kuhusu Mungu" wanawaza moja kwa moja vikundi vya ajabu ajabu, au yule jamaa aliyejitangaza kuwa yeye ndio Yesu karudi. Hayo ni mambo mengine. Picha potofu ya Mungu ni vile unavyomuona Mungu moyoni tofauti na alivyojionyesha mwenyewe, na unaweza ukawa nayo huku unaimba kwaya, unatoa zaka na kanuni ya imani unaikariri bila kukosea hata neno.

Usichanganye na uzushi. Uzushi ni fundisho, kuna mtu analifundisha na kulitetea, mfano mwalimu mmoja aliyeitwa Marsioni, karne ya 2, alidai Mungu wa Agano la Kale sio Baba wa Yesu, ni wawili tofauti, kanisa la Roma likamtenga mwaka 144 hivi. Sasa leo huwezi kusikia mtu anahubiri hivyo madhabahuni ila kaa na waumini upige nao stori, utasikia "Yesu ni mpole, ila Baba aisee, yule mkali", yaani kama vile Yesu kazi yake ni kutukinga tusipigwe na baba yake. Huyo ni Marsioni kabisa, sema tu hajui. Wakati Filipo alipoomba waonyeshwe Baba, Yesu alimjibu kwamba aliyeniona mimi amemwona Baba (Yohana 14).

Mfano unaonielewesha mimi zaidi ni ule wa ndama wa dhahabu, sanamu ambayo Waisraeli walijitengenezea jangwani, Kutoka 32. Wengi tunamkumbuka ndama tunasahau mstari wa 5, Haruni, ndugu yake Musa, alijenga madhabahu mbele ya yule ndama akatangaza kesho ni sikukuu kwa BWANA. Kwa BWANA! Hakutaja mungu wa Misri wala wa nani. Jina lilikuwa sahihi, kilichokuwa kibovu ni picha waliyoibandika chini ya jina, maana Musa amechelewa mlimani na wao wanataka Mungu wa kuonekana na wa kuwatangulia njiani sasa hivi.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama unayo usijiulize unaamini nini, utajijibu vizuri tu, tumefundishwa majibu. Angalia unafanya nini mambo yakiharibika.

Kwa mfano ukitenda dhambi. Mimi nimewahi kukaa wiki nzima siombi, najiambia ngoja nipoe kwanza, niwe na siku mbili tatu nzuri ndo nirudi kwake, na ukiniuliza hapo hapo Mungu anasamehe nitakwambia ndiyo, na mstari nakupa. Mdomo ulikuwa na Mungu mmoja, miguu inamkimbia mwingine. Yule mtumwa kwenye mfano wa Yesu, aliyeachiwa na bwana wake talanta moja ya fedha aizalishe, ndo hivyo hivyo, hakuiba hata senti, alichimba shimo akaifukia, na sababu akaisema mwenyewe, nilijua wewe ni mtu mgumu, nikaogopa.

Au maombi yasipojibiwa. Hapa ndo inaonekana kama Mungu ulishamfanya hirizi. Waisraeli walipigwa na Wafilisti wakafa kama 4,000, wakasema basi tukalete sanduku la agano, lile sanduku takatifu la ishara ya Mungu kuwa nao, litatuokoa, wakalileta, wakapiga kelele mpaka nchi ikavuma, halafu wakapigwa vibaya zaidi, 30,000 wakaanguka na sanduku lenyewe likatekwa (1 Samweli 4). Hakuna aliyemuuliza Mungu kitu, waliita tu kifaa chake. Ndugu yake hirizi ni mkataba, nimefunga siku kadhaa na sadaka nimetoa, sasa mbona hujanipa. Kaka mkubwa wa mwana mpotevu alikuwa na hasira za namna hiyo, nimekutumikia miaka yote baba, mbona hata mwana-mbuzi hujanipa.

Kuna wanaokimbia picha ya Mungu mkali wakaangukia upande wa pili, Mungu babu, anacheka tu, kila kitu sawa. Nayo ni potofu. Zaburi ya 50 Mungu anamwambia mtu anayeshirikiana na mwizi na mdomo wake umejaa hila, ulifanya hayo nikanyamaza, ukadhani mimi ni kama wewe. Ule mstari nauogopa, maana unaeleza picha nyingi zinatoka wapi, tunachukua sura zetu tunamvalisha. Wengine wanachukua sura ya baba aliyewalea kwa kipigo, na mtu wa hivyo simlaumu, ila picha inabaki kuwa ya baba yake.

Kitu kingine, picha potofu inaweza kuongea maneno mazuri sana. Marafiki wa Ayubu, yule mtu mwema aliyepatwa na mateso makubwa, ukichomoa mistari yao unahubiri nayo Jumapili na watu wanasema amina. Walikuwa na hesabu moja, ukiteseka basi ulikosea mahali. Ayubu akalalamika, akagomba, mwishoni Mungu akawaambia wale marafiki hamkunena yaliyo sawa juu yangu kama Ayubu (42:7). Yesu naye aliikataa hesabu hiyo akitaja wale 18 waliokufa kwa kuangukiwa na mnara Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Kwa hiyo mtu anayemlilia Mungu kwa uchungu usimkimbilie kumrekebisha, huenda picha yake iko sawa kuliko yako wewe unayemtetea.

Ukitaka kipimo cha haraka linganisha Adamu na Petro. Adamu alikosea, akasikia Mungu anakuja, akajificha kwenye miti. Petro alimkana Yesu mara tatu, halafu siku ile ziwani akaambiwa ni Bwana yule pale ufukweni, akajitupa majini kumfuata, hakungoja hata chombo kifike. Na alipofika alikuta moto wa makaa, samaki na mkate, wakaitwa waje kula kwanza, maswali yakaja baadae.